Kasulu na Kibondo: Kilima cha Macho na Kilima cha Ndoto

Ndugu msomaji, ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba unakwenda Kibondo, atakuuliza ni kazi gani inayokupeleka huko. Hatakuuliza unakwenda kuona nini. Moshi watu huenda kuona mlima, Bagamoyo huenda kuona magofu, na Ujiji huenda kuona mahali walipokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Lakini katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu na Kibondo, mtu hupelekwa na uhamisho, au msiba, au biashara ya maharage, au shughuli za wakimbizi. Stanley mwenyewe alipopita Buha mwaka ule alikuwa amechoshwa na hongo alizotozwa na wakubwa wa nchi, akaamua kuondoka kimyakimya usiku na msafara wake ili asionekane. Basi naye hakuona mengi.

Leo nakuomba tupande wote huko, tena tumchukue mchoraji mmoja awe mtu wa tatu katika safari yetu. Mchoraji huyu hakuwa Muha wala Mtanzania. Alikuwa Mganda wa Kigezi, jina lake Jak Katarikawe. Sababu ya kumwalika ni hii. Mara nyingi katika maonyesho ya picha mjini nimewaona wafanyakazi wenzetu, waliokuja na wake zao na watoto wao siku ya mapumziko, wakisimama mbele ya picha ya ng'ombe wa rangi ya zambarau aliyekumbatiwa kama mchumba, au mbele ya picha isiyo na mtu wala mti, bali mabaka ya rangi tu, wakaulizana kwa sauti ya chini: "Sasa hii ni nini?" Swali hilo ni la haki kabisa. Wataalamu hulijibu kwa maneno mazito yanayomrudisha muulizaji nyumbani akiwa mnyonge kuliko alivyokuja. Mimi naamini kwamba jibu lake limelala njiani, kati ya Kasulu na Kibondo.

KUPANDA

Ziwa Tanganyika liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Kigoma mjini kuelekea Kasulu, gari hupanda na kupanda mpaka zaidi ya mita 1,200, na masikio huziba. Michikichi hubaki nyuma, migomba na maharage hushika nafasi, hewa hupoa, na watoto wa shule njiani huonekana wamevaa masweta. Lami iliyoingia miaka ya karibuni imefupisha safari ambayo zamani ilikuwa ya vumbi jekundu wakati wa kiangazi na ya kusukuma gari wakati wa masika. Kila mwenye akili atashukuru. Mimi nina lalamiko dogo tu, kwamba basi likienda kasi namna ile macho hayapati kituo.

Lala Kasulu. Ikiwa ni mwezi wa Desemba au Januari, amka alfajiri, ukasimame mahali palipoinuka. Ukungu umejaa mabondeni kama maziwa katika kata. Vilima havina miguu. Mgomba unaonekana umeota hewani, na mtu anayekwenda shamba na jembe begani hutokea nusu tu, kuanzia kiunoni. Sauti ya ng'ombe inasikika lakini ng'ombe haonekani, mpaka pembe mbili ndefu zianze kuupasua ukungu zenyewe, bila kichwa, zikielea kama mtumbwi. Maana ng'ombe wa Buha wengi ni wa kabila lile lile la pembe ndefu linalofugwa Burundi, Rwanda, Karagwe na Nkore. Kisha kichwa hufuata. Kisha mchungaji.

Wassily Kandinsky, Mrusi aliyeishi Munich, Ujerumani, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1913 kwamba siku moja alirudi nyumbani wakati wa magharibi, akaona chumbani mwake picha nzuri ajabu, yenye maumbo na rangi tu, asiweze kutambua ni picha ya nini. Aliposogea akakuta ni picha yake mwenyewe, imeegeshwa ukutani kwa ubavu. Tangu hapo akaanza kushuku kwamba vitu vilivyochorwa ndani ya picha zake vilikuwa vinaziharibu. Huyo ni mmoja wa watu wa kwanza huko Ulaya walioshika njia ya sanaa dhahania, yaani sanaa inayoyaacha maumbo ya vitu na kubaki na rangi, mistari na mpangilio wake. Yeye alihitaji giza la jioni na ajali ya picha iliyowekwa vibaya. Ukungu wa Kasulu huifanya kazi hiyo bure, asubuhi baada ya asubuhi, msimu mzima wa mvua.

Wakati wa kiangazi mambo ni mengine. Shika njia ya Kibondo mwezi wa Agosti, baada ya moto kupita porini. Upande mmoja ni weusi wa majivu, upande mwingine ni manyasi ya rangi ya simba, katikati ni udongo mwekundu, na juu ni anga lisilo na wingu. Rangi nne, na mipaka yake imekatika kama kwa mkasi. Kisha, mwishoni mwa Septemba na kuingia Oktoba, kabla tone moja la mvua halijaanguka, miti ya miombo huanza kuchipua; na machipukizi yake si ya kijani. Huja mekundu, huja ya rangi ya shaba, mengine hukaribia zambarau, kilima kizima, na baada ya siku kadhaa ndipo hutulia yakawa kijani kama majani ya watu. Mchoraji akipaka pori jekundu namna ile, mjini ataambiwa anaota.

Wala tusidhani kwamba picha ya mistari na rangi tupu ililetwa kwetu kwa meli. Kaskazini ya Kibondo, ukiipita Ngara na kuvuka daraja la Rusumo, wanawake wa Gisaka katika Rwanda ya mashariki wamekuwa kwa vizazi wakipamba kuta za ndani kwa imigongo. Neno hilo huhitaji mkalimani; ni migongo. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kuwa matuta ya misharazari na pembe zinazofuatana, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Hutamwona ng'ombe aliyechorwa humo, ingawa mapambo yenyewe ni ng'ombe mtupu. Bibi wa Gisaka hangemwuliza Kandinsky "hii ni nini". Pengine angemwuliza kwa nini mistari yake haikunyooka.

DEREVA ALIYEOTA

Sasa tumtazame mgeni wetu. Katarikawe alizaliwa karibu na mwaka 1940 katika vilima vya Kigezi, kusini magharibi ya Uganda, mahali penye ukungu na matuta ya mashamba ambapo Muha angejiona yuko kwao. Hakubahatika kusoma shule. Alifika Kampala akawa dereva, na miongoni mwa waliomwajiri alikuwa David Cook, mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Makerere. Cook aliviona vijipicha vya dereva wake, akatambua kwamba mkono ule ungeweza kazi nyingine zaidi ya usukani, na kwa njia hiyo Katarikawe akafika kwa Sam Ntiro.

Jina la Ntiro halipaswi kuwa geni kwetu. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma na kufundisha Makerere, akatuwakilisha London baada ya Uhuru, na picha yake ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku ilichukuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Ntiro naye alikuwa mwanafunzi wa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji Makerere katika miaka ya 1930. Bibi huyo alikuwa na njia yake ya kufundisha. Hakuwawekea vijana chungu mezani wakinakili. Aliwasimulia tukio, sokoni au shambani au arusini, akawataka wafumbe macho mpaka walione ndani ya vichwa vyao, ndipo washike brashi. Wapo walioilaumu njia hiyo, wakisema iliwazuia vijana wasijifunze ufundi wa kisasa. Lawama hiyo ina uzito wake. Lakini kwa mtu kama Katarikawe, mafundisho ya namna hiyo yalikuwa kama kumwambia samaki aogelee, kwa sababu yeye alisema picha zake humjia usingizini. Mwaka 2001 kazi zake zilipoonyeshwa katika makumbusho ya Frankfurt, Ujerumani, maonyesho hayo yalipewa jina lenye maana ya kuota kwa picha.

Katika picha zake ng'ombe hupendana, huoneana wivu, hukumbatiana chini ya mwezi. Tembo huwa na aibu za binadamu. Mipaka ya vitu hufifia, mgongo wa ng'ombe ukaendelea mpaka ukawa kilima, na kilima kikaendelea mpaka kikawa bega la mwanamke. Zipo zile ambazo hadithi yake unaisoma mara moja kama kisa cha kijijini. Zipo ambazo jambo lisilowezekana limetendeka mchana kweupe bila mtu yeyote pichani kushtuka. Huo ndio mtindo ambao washairi na wachoraji wa Paris, wakiongozwa na André Breton, waliutangaza mwaka 1924 na kuuita surealizimu, kwa maana ya ule uhalisi wa ndotoni ulio juu ya uhalisi huu wa kawaida. Na zipo ambazo ng'ombe amekaribia kuyeyuka, ikabaki buluu na urujuani na waridi, ikawa ni hiari yako kumtafuta au kumwacha. Sisemi kwamba alizipanda hatua hizo moja baada ya nyingine kama ngazi. Alikuwa akienda na kurudi, kama ng'ombe anayejua njia tatu za kwenda mtoni.

Wakosoaji walipenda kumlinganisha na Marc Chagall, kwa sababu ya ng'ombe na wapenzi wanaoelea. Ulinganisho huo humchosha mtu, maana kila Mwafrika akishika brashi hutafutiwa Mzungu wa kufanana naye. Hata hivyo umo ukweli ndani yake ambao hao wakosoaji waliupita. Chagall alikuwa mtoto wa Vitebsk, mji mdogo ulioko Belarusi ya leo. Mwaka 1911 alichora picha yake mashuhuri ya mtu na ng'ombe wakitazamana uso kwa uso, nyuma yao nyumba zimesimama juu chini. Aliichorea wapi? Paris. Na Katarikawe, ambaye baadaye alihamia Nairobi, akauza kazi zake Gallery Watatu na kuishi katika mji huo mpaka alipofariki mwaka 2018, alikuwa akichora wapi vilima vile vya Kigezi? Katikati ya moshi wa mabasi ya Nairobi.

Hata kwetu ni hivyo hivyo. George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, alianza kama mchongaji wa mashetani; alifika Dar es Salaam, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa katika miaka ya 1970, akahamia kwenye rangi, na mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo ya mbele wakazidi kubanana katika picha mpaka nafasi ikaisha. Ukiitazama kwa mbali kazi yake ya namna hiyo unaona kama zulia. Ukisogea, kijiji kizima kinakuchungulia. Lilanga alifariki Dar es Salaam mwaka 2005, mbali na msitu aliojifunzia kuchonga.

Ninachotaka kusema ni kwamba mandhari ya ndotoni ni kazi ya mtu aliye mbali na kwao. Na nchi iliyoishi ndani ya vichwa vya watu walio mbali nayo kuliko Buha ni vigumu kuipata.

MKONGE HAUNA KILIMA

Miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za Buha, wakiwamo wa Kibondo, ikawakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya mbung'o na malale. Pori likachukua walikotoka. Kisha ukaja mkonge. Wenye mashamba ya Tanga na Morogoro walihitaji mikono, wakaunda SILABU mwaka 1944 ya kuandikisha manamba, na Buha ikawa moja ya visima vyao vikuu vya kuchotea watu. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914. Ilikuwa rahisi kumpakia Muha kama mzigo. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikaja Operesheni Kigoma, na watu wakateremshwa vilimani kuingia katika vijiji vilivyopangwa kando ya barabara, karibu na shule, zahanati na bomba la maji. Hayo yote yametendeka katika maisha ya mtu mmoja mwenye umri mrefu. Nimezungumza na mmoja wao.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, katika kijiji kisicho mbali na mji wa Kibondo, akikausha maharage juu ya turubai. Alinipokea kwa Kiha, "Mwidiwe," akapiga makofi yale ya taratibu ambayo bila hayo salamu ya Waha haijakamilika, kisha akaniona nababaika, akanihurumia kwa Kiswahili.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa. Umetoka mbali, nauona uso wako una vumbi la watu wa kalamu."

Alikwenda mkonge mwaka 1957, kijana asiyeoa. Lori mpaka kwenye reli, reli kwa siku kadhaa, lori tena mpaka Korogwe. Nilitegemea aanze na ugumu wa kazi, na miiba, na mizigo ya majani thelathini thelathini aliyotakiwa kufunga. Hayo aliyasema baadaye, kwa kifupi. Alichoanza nacho ni hiki:

"Mkonge hauna kilima. Ni mistari tu. Unaamka, mistari. Unageuka, mistari. Unafika mwisho wa mstari, unakuta mwingine. Mwezi wa kwanza nilikuwa napotea mahali palipo wazi, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kunionyesha kwetu ni upande gani."

Nilimwuliza kama alikuwa akiota nyumbani. Akacheka bila sauti.

"Kilima kilinifuata. Nilikiona usiku kimekuja kusimama nyuma ya kambi, kimevaa migomba yake yote. Ng'ombe wa mama akatoka ndani ya korona, ile mashine ya kukamua mkonge, ametoka amekuwa katani, mweupe, singa ndefu mpaka chini. Analia kwa sauti ya kengele ya zamu. Nikachukua kata nikamkamua. Maziwa yakatoka ya kijani, kama yale maji ya mkonge. Nikanywa."

"Hukushangaa, babu?"

"Ndotoni nani anashangaa? Nilishangaa nilipoamka, kwamba nina njaa."

Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika. Niliona waziwazi kwamba mzee huyu asiyekanyaga jumba la maonyesho alikuwa amenichorea picha ambayo kundi la Breton wangegombea kuitundika, na kwamba hapakuwa na jambo la ajabu lililobuniwa humo. Ng'ombe alikuwa wa kweli, korona ilikuwa ya kweli, maji ya kijani yalikuwa ya kweli. Kilichovichanganya ni umbali.

Alirudi mwaka wa Uhuru. "Nikakikuta kilima kimepungua. Nikamwuliza mama, nani amekipunguza? Akaniambia, mwanangu, wewe umekula sana huko pwani." Alioa, akajenga mgongoni mwa kilima hicho hicho, mpaka Operesheni ilipomteremsha. Alinionyesha kwa kidole. Kilikuwa upande wa mashariki, kidogo kweli, kijani kilichokolea, bila moshi wa nyumba hata moja. Miti aliyoipanda kuzunguka ua bado inaonekana, imejipanga duara, imezungushia kitu kisichokuwapo. Hana ugomvi na Operesheni; wajukuu wake wamesoma, na mkewe hakuteka tena maji bondeni. Lakini kila asubuhi kiti chake huelekea mashariki.

Nikamwuliza katika vilima hivyo vitatu, cha Korogwe, cha mwaka wa Uhuru na hiki tunachokitazama, cha kweli ni kipi. Alikaa kimya muda, akichambua maharage.

"Kile cha Korogwe," alisema, "ndicho nilicholala nacho siku nyingi zaidi."

Msomaji, tangu siku ile ng'ombe wa zambarau wa Katarikawe hajanipa taabu tena. Rangi ya ng'ombe uliyemwacha miaka thelathini haiwezi kuwa rangi ya yule aliyesimama mbele yako. Mgongo wake lazima uungane na kilima, kwa sababu katika kichwa cha aliye mbali vitu hivyo viwili vilikaa pamoja, vikalowana rangi. Na ukiendelea kukaa mbali zaidi, siku inakuja ambapo umbo lenyewe linakutoka, unabaki na ule wekundu, na ule ubaridi wa asubuhi. Ndiyo sanaa dhahania hiyo. Sidhani kwamba wachoraji wote huifikia kwa njia hii. Wengine huifikia darasani. Lakini hii ndiyo njia ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitembea kwa miguu yake.

WALIOKUJA

Buha imetoa watu, na imepokea pia. Warundi walivuka mpaka mwaka 1972, wakavuka tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015. Wakongo wa Kivu ya Kusini walivuka ziwa mwaka 1996, na mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa Kasulu kwa ajili yao. Kibondo ikawa na Nduta. Kakonko, iliyokuwa sehemu ya Kibondo mpaka ilipofanywa wilaya mwaka 2012, ikawa na Mtendeli, iliyofungwa mwaka 2021. Magazeti, na langu nalijumuisha, yameandika juu ya kambi hizo kwa hesabu ya magunia na vichwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kasulu, aliyewahi kusaidia masomo ya watoto kambini, alinieleza jambo lisilo la hesabu. Watoto waliozaliwa kambini, alisema, ukiwapa karatasi na kuwaambia wachore nyumbani, wengi hawachori pale wanapolala. Huchora ziwa. Huchora mlima unaoingia majini, na mtumbwi mkubwa kuliko mlima, na samaki aliyekaa ndani ya nyumba kama mgeni. Hawajaliona ziwa hilo. Wamesimuliwa na bibi zao usiku. Nilimweleza juu ya Bibi Trowell na wanafunzi wake waliofumba macho, akasikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba hao wake hawakuhitaji kuambiwa wafumbe.

Picha hizo za watoto hazikutunzwa. Karatasi zilikuwa chache, na upande wa nyuma ulihitajika kwa hesabu.

Jambo hili lilinikaa moyoni siku zote za safari. Katika nyumba za wageni na maofisi ya Kasulu na Kibondo niliyoingia, nilitazama kuta kwa makusudi. Nilikuta twiga. Nilikuta Mlima Kilimanjaro mara nne. Nilikuta maporomoko ya maji ya nchi za baridi katika kalenda zilizopitwa na mwaka. Kilima cha Buha sikukikuta, wala ng'ombe wa pembe ndefu, wala pori jekundu la Oktoba, wala Mwami Theresa Ntare, yule mama aliyeitawala Heru tangu miaka ya 1940 na baadaye akawa mbunge wa taifa huru, ambaye picha yake ingependeza ukutani kuliko twiga yeyote. Nchi iliyoota ndoto nyingi hivyo haina hata moja msumarini. Waliozishika ndoto za mkonge wamebaki wachache, na kila masika hupunguza mmoja.

Ukipata nafasi, nenda mwanzoni mwa Oktoba, kaa dirishani, na uwachukulie watoto kalamu za rangi, zaidi ya zile za kijani. Maharage ya Kasulu utayanunua kwa bei ambayo Kariakoo hutaisikia, na asali ya Kibondo, ya mizinga inayotundikwa juu ya miti ya miombo, itakutosha mwaka ukiificha vizuri.

Usiupite mji wa Kasulu bila kutembea nyuma ya maduka. Wapo huko vijana wachora mabango, mafundi kweli, wanaochora nywele za saluni na taa za magari mpaka unataka kuzizima. Nilisimama kwa mmoja wao. Bango lake lilikuwa zuri, lakini jicho langu lilikwenda kwenye ubao ulioegemea ukuta nyuma yake, umejaa mapigo ya rangi juu ya rangi, buluu iliyokaushwa na nyekundu, njano ikichungulia chini ya nyeusi, kama vilima vinne vimepangwa asubuhi. Nilimwuliza anauza kiasi gani.

"Huo si picha, kaka," alinijibu akicheka. "Nafutia brashi."

Nikasema hata hivyo. Alipoona siondoki aliacha bango, akarudi nyuma hatua mbili na kuutazama ubao. Kisha akaenda akaugeuza, ubavu ukawa juu, akarudi tena kusimama karibu nami, brashi ikidondoka rangi juu ya kiatu chake.